Sura ya Saba: Yule Anayeelea Hewani, Naweza Kumfuga?

Swali hili huletwa na vijana kuliko wazee, na karibu kila mara huja na simu mkononi. Kwenye simu kuna video fupi: kinyama cha kijivu chenye macho makubwa meusi kinajirusha kutoka juu ya pazia, kinatanua ngozi ya ubavuni na kutua kifuani pa mwenyewe. "Huyu anauzwa wapi hapa Kenya? Na joto letu la Isiolo ataliweza?" Wapo wanaoongeza swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: kama huyo wa ng'ambo hapatikani, si tuna komba wetu kwenye migunga ya mto Ewaso Nyiro? Kwa nini tusimfuge huyo?

Jibu la maswali yote mawili ni hapana. Lakini hapana tupu haimfundishi mtu kitu, na wanaoitoa aghalabu hukimbilia sheria. Sheria ipo, tutaifikia. Sababu kubwa haimo kwenye sheria. Imo ndani ya mnyama mwenyewe.

Ni mnyama gani hasa?

Wauzaji humwita shuga glaida. Kwao ni Australia, kisiwa cha Guinea Mpya na visiwa vya jirani. Ukimtazama haraka utasema ni kindi, au panya aliyebahatika kupata sura nzuri. Si kindi wala si panya. Yuko katika kundi la kangaruu, yaani wanyama ambao jike ana mfuko tumboni wa kulelea mtoto. Mimba yake hudumu takribani siku 16 tu, na mtoto huzaliwa akiwa na uzito usiofika hata gramu moja. Hutambaa mwenyewe hadi ndani ya mfuko, akakaa humo akinyonya kwa muda wa miezi miwili na zaidi. Akikomaa huwa na gramu 100 hadi 150.

Ngozi ile ya ubavuni huanzia mkononi hadi mguuni. Anapojirusha na kunyoosha viungo vyote vinne, inatanuka kama leso iliyoshikwa pembe nne na upepo ukaingia chini yake. Huko ndiko kuelea: kushuka kwa mteremko hewani bila kupiga mabawa. Popo huruka kweli, anaweza kupanda juu. Glaida huanguka, ila huanguka kwa akili, akitumia mkia kama usukani, na anaweza kwenda mita 50 kutoka mti hadi mti bila kugusa ardhi yenye maadui.

Afrika nayo ina wanyama wake wanaoelea, jambo ambalo watu wengi wa huku kwetu hawajawahi kulisikia. Katika misitu mikubwa ya Kongo na Uganda kuna jamii ya wanyama wanaofanana na kindi, wenye magamba makali chini ya mkia. Wakitua kwenye shina, magamba yale hung'ang'ania gome wasiteleze. Kuna walio wakubwa kama paka mdogo, na kuna wadogo wanaoenea kiganjani. Isiolo hawako wala hawawezi kuwako, kwa sababu mnyama wa namna hiyo anahitaji msitu mrefu usiokatika. Huku kwetu miti ni mifupi na imeachana.

Usiku wa mnyama, mchana wa mwenye nyumba

Video haionyeshi saa. Glaida hulala mchana kutwa, amejikunja na wenzake ndani ya tundu la mti, na huamka giza linapoingia. Usiku wa manane, wewe ukiwa umelala kwa sababu kesho kuna shule au kibarua, yeye anabweka, anarukaruka, anataka kula na kucheza. Ukimwamsha saa nane mchana ili wageni wamwone, umemnyima usingizi. Ukimwacha usiku kucha peke yake ndani ya kizimba kidogo, umemnyima maisha.

Upweke ndio ugonjwa wake wa kwanza. Porini huishi kwa kundi, wakitambuana kwa harufu wanayopakana. Akifungwa peke yake miezi mingi, kuna wanaojing'oa manyoya, wakatafuna mkia wao, wengine wakajijeruhi vibaya. Sasa fikiria nyumba ya mabati ya Bula Pesa au Kambi Garba mwezi wa Februari, saa tisa alasiri. Porini angekuwa ndani ya shina nene la mti, mahali penye ubaridi. Kizimbani hana pa kukimbilia.

Kisha chakula, na hapa ndipo wafugaji wengi wa Marekani na Ulaya huwaua wanyama wao kwa mapenzi. Kwa kuwa jina lake linataja sukari, humpa ndizi, zabibu na asali. Kwao glaida hula utomvu wa mikalitusi, gundi ya migunga ya Australia, asali ya maua, na wadudu kwa wingi. Akila matunda matupu, mwili hukosa kalsiamu, yale madini yanayofanya mifupa iwe migumu. Mwili huanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake yenyewe. Siku moja miguu ya nyuma inakataa, na mnyama anajikokota kwa mikono.

Hapo mwenye mnyama atampeleka kwa nani? Madaktari wa mifugo wa Isiolo ni hodari, lakini uhodari wao ni wa ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, mali inayolisha na kusomesha watu wa kaunti hii. Kumtibu mnyama wa gramu 120 mwenye mfuko tumboni ni taaluma nyingine kabisa. Wala si shida ya mwaka mmoja. Akitunzwa vizuri glaida anaweza kufikisha miaka 10 na kupita. Kijana wa kidato cha pili anayemtamani leo atakuwa ameoa, amehamia Nairobi au Moyale, na mama yake ndiye atakayebaki akiulizana na kizimba.

*Kwa ufupi:* glaida anataka usiku, wenzake, wadudu, utomvu na daktari anayemjua. Kati ya hivyo vitano, nyumba ya kawaida ya Isiolo inaweza kumpa wadudu.

Na akitoroka?

Watu wa Isiolo hawahitaji kufundishwa hatari ya kigeni kilicholetwa kwa nia njema. Wanaujua mathenge. Mti ule ulitoka Marekani ya Kusini na kupandwa katika maeneo makavu ya Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kushika udongo na kutoa kuni. Leo umemeza malisho, umeziba njia za mifugo kwenda majini, na maganda yake matamu yameharibu meno ya mbuzi wengi. Hakuna aliyeuleta kwa ubaya.

Glaida anaweza kufanya vivyo hivyo. Karne ya 19 watu walimpeleka Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, mahali ambapo hakuwako. Huko ameingia katika mashimo ya miti wanamotaga kasuku adimu, akala mayai, makinda na hata mama aliyelalia. Sasa anahesabiwa kuwa mojawapo ya sababu za kasuku hao kukaribia kutoweka. Migunga yenye gundi tunayo. Mashimo ya miti tunayo. Wadudu tunao. Siwezi kuapa kwamba angeshamiri huku, lakini si jaribio la kufanywa na mtu mmoja kwa sababu ya video.

Hata huko wanakofugwa kwa wingi hawakubaliki kila mahali. Biashara yake Marekani ilishika kasi miaka ya 1990, ila majimbo ya California, Alaska na Hawaii yanakataza kumfuga nyumbani. Kwao Australia penyewe, jimbo la New South Wales halimruhusu raia kumweka ndani kama kipenzi.

Basi komba je?

Sasa turudi mtoni. Komba wa Isiolo ni yule mdogo, wa gramu 200 hivi, mwenye masikio yanayojikunja na macho yanayong'aa ukimmulika kwa tochi. Hana ngozi ya kuelea. Ana miguu ya nyuma mirefu yenye misuli ambayo humrusha wima zaidi ya mita 2, kimo cha kumpita mtu mrefu. Si ndugu wa glaida hata kidogo. Yuko karibu zaidi na nyani, na hata nasi wenyewe. Lakini maisha yao yanafanana ajabu. Wote wawili ni wa usiku, wote hulala mchana wakiwa wamekumbatiana na wenzao, wote hula wadudu, na wote hutegemea gundi ya miti ya jamii ya mgunga pindi wadudu wanapoadimika.

Gundi hiyo watu wa Isiolo, Samburu na Marsabit huiokota na kuiuza kwa wafanyabiashara. Komba ana meno ya mbele ya chini yaliyobanana na kuchomoza, kama yaliyoundwa makusudi kukwangulia gome. Msimu wa kiangazi gundi ndiyo inayomwokoa. Mpe ugali na maziwa ya chai badala yake, atakula, kwa sababu njaa hailinganishi. Halafu atadhoofika.

Na kuna jambo ambalo wanaouza komba barabarani hawalisemi. Komba hujikojolea viganja na nyayo, kisha hupaka mkojo huo kila anaposhika. Hiyo ni desturi yake ya asili, wala hakuna adabu utakayomfundisha akaiacha. Kitanda, pazia, sufuria, vitabu vya shule, vyote vitanuka. (Pwani husema mtu kalewa kama komba, maana komba mkubwa wa huko hunywa tembo kwenye vibuyu vya mgema. Huyu wetu angalau hana minazi ya kumharibia sifa.)

"Mbona Elsa alifugwa papa hapa?"

Ukiyasema yote haya mbele ya wazee wa Isiolo, atatokea mmoja atakayekuuliza hivyo, akimaanisha yule simba maarufu aliyelelewa na watu. Ni swali la haki, na linastahili kujibiwa polepole.

Tarehe 1 Februari 1956, George Adamson, ofisa wa wanyamapori wa eneo lililoitwa wakati huo Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, alikuwa porini akimsaka simba aliyeua mtu. Simba jike aliwashambulia yeye na mwenzake, wakampiga risasi. Baadaye wakagundua kwa nini alikuwa mkali: alikuwa na watoto watatu mwambani, wadogo mno. Adamson akawachukua. Mkewe, Joy, akawalea, na nyumba yao ilikuwa Isiolo.

Watu wanaikumbuka picha ya simba amelala kitandani. Wachache wanakumbuka kazi. Mwanzoni watoto wale walikataa maziwa kwa siku mbili. Ilibidi kutafutwa maziwa ya kopo yasiyo na sukari, mafuta ya samaki, glukosi na unga wa mifupa. Nuru, aliyekuwa mtunza bustani wa nyumba hiyo, akageuzwa mlezi wa simba. Kwenye mabango jina lake halionekani sana, na mimi naona hilo ni deni. Watoto walipokua wakawa wanawavizia punda wa mizigo kama mchezo. Nyumba ya ofisa wa serikali, yenye gari, bunduki, watumishi na eneo la kutembelea lisilo na mwisho, ilishindwa kuwamudu watatu. Wawili wakapelekwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Akabaki Elsa.

Yeye naye hakufugwa hadi mwisho. Adamson na Joy waliamua kumrudisha porini, na jaribio la kwanza lilishindikana, akaugua. La pili, katika eneo la Meru, lilifaulu baada ya miezi ya kumfundisha kuwinda, jambo ambalo mama yake angemfundisha bure. Akazaa watoto watatu huko. Mwezi Januari 1961 akafa kwa maradhi ya damu yaenezwayo na kupe, akiwa na umri wa miaka 5 hivi. Kitabu cha Joy kilitoka 1960, filamu ikafuata 1966, na dunia nzima ikajifunza kumpenda simba. Somo ambalo wenyewe walilipata, kwamba mahali pa mnyama ni porini, halikusafiri mbali kama ile picha ya kitandani.

Katika nyumba hiyohiyo kulikuwa na mnyama mwingine, mdogo, asiye na filamu yake mwenyewe. Aliitwa Pati-Pati. Alikuwa pimbi, yule mnyama wa majabalini asiye na mkia. Aliishi na Joy zaidi ya miaka 6, na simba wale walipoletwa akajifanya yaya wao. Kwangu mimi huyu ndiye mfano ulio karibu zaidi na swali la glaida: mnyama mdogo, mpole, aliyezoea watu. Lakini pimbi kwa asili huishi kwa koo, wengi pamoja wakiota jua juu ya mwamba mmoja huku mlinzi wao akiangalia tai. Pati-Pati hakuwa na ukoo. Alikuwa na watu, na kwa muda alikuwa na simba. Ule uyaya wake uliowafurahisha wote, naona ulikuwa pia njia ya mnyama wa ukoo kujitafutia ukoo.

Joy aliendelea. Mwisho alimlea chui aliyeitwa Penny katika hifadhi ya Shaba, hapahapa Isiolo, kwa lengo la kumrudisha porini. Ni Shaba alikouawa tarehe 3 Januari 1980. Habari za kwanza zilimsingizia simba. Ilibainika kuwa ni mtu.

Kuzoea si kufugika

Kuna mambo mawili ambayo macho huyachanganya. La kwanza ni kumzoesha mnyama mmoja. Ukimpata akiwa mchanga, karibu mnyama yeyote atakuzoea: simba, pimbi, komba, digidigi. La pili ni kufuga kizazi kwa kizazi, watu wakichagua wapole wazae na wakali wasizae, mpaka tabia yenyewe ikabadilika damuni.

Isiolo ina mifano yote miwili kando ya barabara moja. Punda alianza kufugwa na watu wa pande hizi za Afrika takribani miaka 7,000 iliyopita. Ndiyo maana leo mtoto wa miaka minane anamwongoza kwenda kuteka maji. Punda milia wa Grevy, yule mwenye mistari myembamba na masikio ya mviringo anayeonekana katika hifadhi ya Buffalo Springs, ni jamaa wa karibu wa punda huyo. Hakuna anayemtwisha madumu. Unaweza kumzoesha mmoja. Mwanawe atazaliwa akiwa wa porini vilevile.

Komba anayelala mfukoni mwa shati la kijana akiwa mchanga ni huyohuyo atakayeuma akibalehe, na meno yake ni makali. Jeraha la mnyamapori si la kupaka majivu. Lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho kikishaonyesha dalili hakina tiba.

*Kwa ufupi:* upole wa mnyama mmoja mchanga hauthibitishi chochote kuhusu atakavyokuwa akikua.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kukamata, kumiliki, kuuza au kuingiza nchini mnyamapori bila kibali, na anayesimamia ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Anayedhani sheria hiyo ni ya ndovu na faru pekee aikumbuke kesi ya sisimizi. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa wakiwa na sisimizi hai wapatao 5,000 ndani ya mirija midogo yenye pamba. Sisimizi hao walikuwa malkia wa jamii inayovuna mbegu, wanaotafutwa na watu wa Ulaya na Asia wanaofuga sisimizi kwa burudani. Tarehe 7 Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikawatoza wao na washtakiwa wengine wawili, mmoja wao Mkenya, faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Kama ni hivyo kwa sisimizi, komba ndani ya boksi la sabuni hana utetezi.

Umemkuta mtoto wa mnyama. Ufanye nini?

Wengi hawaanzi kwa kununua. Huanza kwa huruma: mtoto wa komba peke yake tawini, digidigi mchanga amelala chini ya kichaka, na mama haonekani. Hapa kuna jambo moja ambalo lingeokoa wanyama wengi likijulikana. Mama komba hubeba mtoto kwa mdomo, humweka tawini, kisha huenda kutafuta chakula na kurudi. Digidigi naye humficha mwanawe majanini wiki zake za kwanza na kumjia saa za kunyonyesha tu. Hakutupwa, amewekwa. Ukimchukua, wewe ndiye uliyemfanya yatima.

Kwa hiyo:

- Ondoka hapo, wewe pamoja na mbwa na watoto ulio nao, kisha mtazame kwa mbali. Mama hatakuja ukiwa umesimama.
- Ukiona jeraha, au umemwona mama amekufa, mpelekee habari ofisa wa KWS au askari wa hifadhi iliyo karibu.
- Wakati ukisubiri, mweke ndani ya boksi lenye matundu, mahali penye giza na kimya. Usimpe maziwa ya ng'ombe, na usimpitishe mkono kwa mkono.
- Usimpige picha ya kutuma kwenye makundi ya simu. Picha moja huzaa wateja kumi.

Na ikiwa umesimamisha gari na mvulana amekuletea komba dirishani, huruma itakwambia umnunue ukamwachilie mbele ya safari. Usinunue. Pesa zako zitamrudisha mvulana yule mtini usiku huohuo, maana amejua kuna soko, na komba utakayemwachilia kilomita 40 mbele atajikuta katika miti ya komba wengine wasiomtaka. Andika mahali ulipo na saa, pita, na ukifika kizuizi cha kwanza au ofisi ya KWS mjini, toa taarifa.